Walenty, Mtunza Moto wa Nyumba Yetu

Shemeji yangu Walenty Zawilski aliwasha moto katika nyumba yetu kila siku ya baridi kwa zaidi ya miaka hamsini, na sikumwona akipuliza hata mara moja. Alisema anayepuliza moto ameupanga vibaya. Aliweka makaa ya mawe chini, vijiti vya msonobari juu yake, na juu kabisa ganda la mti na kipande cha gazeti, kisha akawasha kutokea juu, kama mtu awashavyo mshumaa. Moshi wake ulikuwa mweupe na mfupi, na baada ya robo saa haukuonekana tena. Majirani waliowasha kutokea chini walitoa moshi mweusi mpaka adhuhuri, na mtaani kwetu watu husoma moshi wa mwenzao kama wasomavyo matangazo ya misiba ukutani.

Naandika haya kwa sababu baada ya kifo chake ilisemwa sokoni na kwenye ngazi za kanisa kwamba mzee Zawilski alikuwa akichoma viatu vichakavu na chupa za plastiki kwa siri, tena amelewa, na kwamba ndivyo alivyojiua kwa hewa ya makaa. Hakuwahi kuchoma kiatu. Pombe aliinywa Krismasi na Pasaka, bilauri moja ndogo, akikunja uso kama anayekunywa dawa. Mimi ni mjane wa mdogo wake. Nimefundisha historia miaka thelathini na minne katika mji huu ulio chini ya milima ya Beskid, na najua kwamba usipoandika habari zako, wengine watakuandikia.

Walenty alikuwa mkubwa, mume wangu Seweryn mdogo. Baba yao alipokufa palikuwa na fedha za kumsomesha mmoja tu, na Walenty ndiye aliyesema asome Seweryn, kwa kuwa huyo alijua kutulia kitini. Seweryn akawa mwalimu mkuu. Walenty akaajiriwa kuchochea boila la shule hiyohiyo. Mmoja alikaa ghorofa ya pili na zulia, mwingine chini ya ardhi na koleo. Mbele ya wanafunzi Walenty alivua kofia na kumwita mdogo wake Bwana Mkuu. Nyumbani alimwita dogo na kumpokonya gazeti. Sitaficha kwamba nilipoolewa katika nyumba ile niliona haya. Wageni walipouliza kazi ya shemeji yangu nilijibu kwamba yuko shuleni pamoja na mume wangu, nikaishia hapo.

Januari ya mwaka 1979, theluji ilipozika reli na treni za makaa zikakwama, Walenty alilala katika chumba cha boila siku ishirini na mbili. Alikanda vumbi la makaa kwa maji na unga wa mbao, akayafinyanga madonge kwa mikono, akalisha boila madonge hayo usiku na mchana ili maji yasigande na kupasua mabomba. Hayakupasuka. Shule nyingine ya mji ilifungwa mpaka Machi. Kwa ajili hiyo Seweryn alipewa medali, na Walenty alipewa buti za sufu nzito. Alisema yeye ndiye aliyepata kitu cha maana, maana medali haivaliki miguuni.

Alikuwa na kanuni moja tu, na aliifundisha kwa kila aliyekaa karibu naye, hata binti yetu Ludwika alipokuwa hajajua kusoma. Sebuleni kwetu kuna jiko kubwa la vigae vya kijani, refu kama mtu. Moto ukishakuwa makaa mekundu, mlango wa jiko hukazwa kwa skrubu na kizibo cha dohani hufungwa, joto likabaki ndani ya vigae mpaka jioni. Ukichelewa kufunga, joto lote limepanda angani. Ukiwahi kufunga, ile hewa ya makaa, isiyo na harufu lakini inayoua, hukosa njia na kurudi chumbani. Walenty alikuwa akimshika Ludwika mabega mbele ya mlango wa jiko na kumwambia, "Unaiona hiyo buluu inayocheza juu ya makaa? Hiyo bado inapumua. Ukiifungia, itakuja kupumulia pua yako. Hatufungi mpaka buluu ife."

Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1911 na babu yao, aliyekuwa na tanuri la matofali. Uso wake wa mbele una mashada ya maua ya chokaa, na juu ya mlango kuna mwaka na herufi ya ukoo. Kuta ni nene nusu mita, na watu wengi hudhani ukuta mnene ni ukuta wenye joto. Nilidhani hivyo mimi pia. Tofali tupu hunywa baridi mwezi mzima wa Desemba na kuitema mpaka Aprili. Katika pembe za chumba cha Walenty, kilichoelekea kaskazini, barafu iliota kwa ndani kama ukungu juu ya mkate.

Ndipo amri ya mkoa ilipokuja. Maboila yote ya zamani ya makaa yaondolewe, na majiko kama letu yasiwashwe tena, kwa kuwa moshi wa bonde letu ulikuwa unaua watu. Sipingi amri hiyo. Nimewazika wenzangu wawili waliokohoa mpaka mwisho.

Ludwika, anayeishi Gdynia kando ya bahari, alipiga simu mwezi wa Mei na kusema neno lake bila kuzunguka. Baba yake mkubwa alikuwa na miaka sabini na saba na kifua kibovu. Ama tupate njia ya kuipasha joto nyumba kabla ya baridi, ama Walenty aende kwenye makao ya wazee ya masista, upande wa pili wa mto. Walenty alikuwa mezani akimenya viazi na alisikia yote. Siku ile maganda yake yalikuwa manene, naye alikuwa mtu wa maganda membamba. Katika nyumba ile alizaliwa, na alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba atatoka mlango wa mbele, miguu ikitangulia.

Mtu wa kwanza niliyemuuliza alikuwa Skiba, msafisha dohani, niliyemfundisha akiwa na miaka kumi na minne na ambaye hakuwahi kukumbuka mwaka wa vita yoyote. Alikuja Juni na brashi zake begani. Walenty alimpokea kama kawaida yake, kwa kushika kifungo cha shati, kama tufanyavyo wote tukimwona msafisha dohani, ili bahati isitupite. Skiba alizunguka nyumba nzima, akaweka kiganja juu ya kuta, akashuka kwenye boila la nyumba lililo chini ya ardhi, akapanda darini. Kisha akakaa kwenye kigoda cha jikoni kwa sababu nguo zake zilikuwa na masizi.

Alisema kuna njia tatu. Bomba la gesi linafika mwisho wa barabara na linaweza kuvutwa. Kuna boila la punje za mbao, ambalo lingempa Walenty kazi ya kulilisha. Na kuna pampu ya joto, inayokaa nje kama friji iliyogeuzwa, ikivuna joto kwenye hewa na kulileta ndani.

"Lakini Mwalimu, yote hayo ni ya pili," alisema. "Kwanza nyumba ivalishwe. Povu gumu kuta zote, sentimita kumi na tano, na dari pia. Ukileta pampu kwenye nyumba hii ilivyo, ni kama kumpa mtu aliye uchi chai ya moto."

"Na uso wa mbele?"

"Uso wa mbele nao ni ukuta."

Nilimwambia kwamba nyumba ya Zawilski haitavikwa koti la povu na kupakwa rangi ya samaki kama duka la vipuri. Walenty alisema kwa upole kwamba babu yake angekubali, kwani alikuwa mtu wa baridi na alilala na kofia. Nikasema babu hayupo, nipo mimi. Skiba aliosha mikono, akanywa chai, akaenda zake.

Mtu wa pampu ya joto alikuja Agosti. Sitaitaja kampuni yake, kwa kuwa kosa lililofuata halikuwa lake peke yake. Aliitwa Bwana Orzech, kijana msafi aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa na kusimama dakika nzima barabarani akiyatazama mashada ya chokaa. Alisema nyumba ya heshima kama hii haistahili makaa wala magunia ya punje, inastahili kitu kisichoonekana na kisichotoa moshi. Mthibitishaji wa mikataba, Bwana Hankowski, jirani yetu, alikuwa tayari na pampu kama hiyo. Mke wake, Bibi Hankowska, alikuwa ameniambia hivyo kanisani, mara mbili.

Orzech alipima vyumba kwa mwanga mwekundu na kujaza fomu katika kioo cha kishikwambi alichokishika. Akafika kwenye swali lake.

"Kuta zimevalishwa, Mama?"

Walenty alikuwa kwenye kiti cha kando ya jiko. "Ziko uchi kama zilivyozaliwa," alisema.

"Shemeji yangu hupenda utani," nikasema. "Kuta hizi ni nusu mita, kwa matofali yetu wenyewe."

Kijana alisubiri, kidole kikiwa juu ya kioo. "Kwa hiyo niandike ndiyo?"

Nilijua maana ya kuandika hapana. Nyumba isiyovalishwa ililazimika kuvalishwa ndipo ipate ruzuku ya serikali ya kununulia pampu, au mwenyewe apitie mlango wa watu maskini, na karatasi za pensheni yake ziwekwe kwenye meza ya halmashauri, ambako mkwe wa Bibi Hankowska ndiye hupokea maombi.

"Andika ndiyo," nikasema.

Orzech alipoondoka, Walenty alikaa akiuviringisha mkongojo wake sakafuni. Kisha akaniambia, "Mficha uchi hazai, shemeji." Hivyo ndivyo tulivyonunua mashine iliyokadiriwa kwa nyumba nyingine, nyumba yenye kuta zilizovaa, ambayo haikuwepo popote ila kwenye ile fomu.

Boila la zamani lilivunjwa vipande Septemba na kupigwa picha, ili ruzuku itoke. Walenty alisimama pale chini ameshika kofia mkononi mpaka kipande cha mwisho kilipopandishwa ngazi. Jiko la vigae nalo lilipaswa kuzibwa dohani yake kwa matofali. Nilimsihi Skiba aliache. Nilitia saini karatasi inayosema kwamba ni pambo. Skiba alinitazama, naye akatia saini yake chini ya yangu, kisha akatoa mfukoni kijisanduku cheupe, king'ora kinacholia hewa ya makaa ikiingia chumbani.

"Kiweke sebuleni, Mwalimu."

"Cha nini? Moto haupo tena."

"Kiweke tu."

Mahali pekee palipofaa palikuwa ukutani karibu na picha ya baba mkwe wangu, na kingeonekana kama kifaa cha hospitali. Nikakitia kwenye droo ya kabati, pamoja na vitambaa vya meza.

Oktoba ilikuwa nzuri. Mashine ilinguruma nje chini ya dirisha la chumba cha kufulia, na Walenty aliipa jina la Azor, la mbwa waliyekuwa naye utotoni, kwa sababu alikula sana na hakuwahi kumkamata mtu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa kama mtu aliyeachishwa kazi mara ya pili. Aliamka saa yake ileile ya alfajiri, akashuka kwenye chumba cha makaa, akakaa huko nusu saa, akapanda. Siku moja nilimfuata. Alikuwa akifagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa jana yake.

Baridi ya kweli iliingia wiki ya pili ya Desemba. Azor alivaa barafu mwili mzima na kunguruma bila kupumzika, na vyuma vya joto ukutani vilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Sebule ilishuka mpaka nyuzi kumi na nne, na chumba cha Walenty mpaka kumi na moja. Upepo uliingia kwenye tundu la hewa juu ya mlango wa sebule, tundu ambalo Skiba huliangalia kila mwaka, nami nikamwambia Walenty alizibe kwa skafu ya zamani ya Seweryn. Alisema tundu lile lina kazi yake. Nikasema kazi yake ni kuleta baridi. Madirisha tulikuwa tumeshabadilisha miaka mitatu kabla, mapya yasiyopitisha hata unywele. Akapanda kwenye kiti, akaliziba.

Bili ya umeme ya mwezi ule nilimficha hata Ludwika. Bibi Hankowska aliponiuliza habari ya pampu, nilimwambia kwamba tunalala madirisha wazi.

Ludwika alikuja kwa mkesha wa Krismasi. Tulikula samaki na supu ya bitiruti tukiwa na makoti mabegani. Sahani ya ziada, ile tunayomwekea mgeni asiyetarajiwa, ilibaki tupu, na Walenty alisema mgeni ameshafika mlangoni, amesikia baridi yetu, ameghairi. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha upesi.

"Mama, Baba mkubwa anakohoa kama gunia la misumari," Ludwika alisema. "Nimeshaongea na masista. Nafasi ipo kuanzia Februari."

Walenty alifuta midomo. "Masista wanawasha saa ngapi?"

"Joto linakuja kwa mabomba, Baba mkubwa. Hakuna kuwasha."

"Basi nitafanya nini huko?"

Nilimwomba Ludwika subira. Nilimwambia mafundi watairekebisha mashine, kwamba ni suala la kugeuza namba fulani. Ludwika hakuniamini, ila alimpenda baba yake mkubwa, ndiye aliyemfundisha kuteleza kwenye barafu. Alisema atarudi tarehe kumi na mbili Januari, siku ya padri. Akiikuta sebule ina nyuzi kumi na tisa, Walenty atabaki. Akiikuta ilivyo, ataondoka naye kwa gari lilelile.

Siku ya padri huja kwa kila nyumba baada ya Krismasi. Padri hupita mlango kwa mlango, hubariki, huandika kwa chaki juu ya mlango, hukaa kidogo na kuuliza habari. Meza hufunikwa kitambaa cheupe, huwekwa msalaba na mishumaa miwili. Nyumba inayotutangulia ni ya Hankowski, na padri wetu ni mtu wa kusimulia alichokiona nyumba ya jirani.

Mafundi hawakuja. Tarehe kumi na moja jioni kipimajoto cha nje kilionyesha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na cha sebuleni kumi na tatu. Nilikuwa nikitandika kitambaa cheupe. Walenty alikuwa kwenye kiti chake kando ya jiko baridi, amejifunga blanketi. Niliweka mkono juu ya vigae.

"Shemeji, jiko hili bado lina afya?"

"Lina afya kuliko mimi."

"Ukiliwasha alfajiri, saa nne vigae vitakuwa na moto?"

Alinitazama. Sikuwa nimeuona uso ule tangu boila livunjwe. "Saa nne padri atavua koti mwenyewe," alisema.

"Makaa hatuna."

"Yako magunia mawili nyuma ya rafu za matofaa. Mtu hatoi roho yote kwa siku moja, shemeji."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilijua kwamba katika baridi ile hata moto safi wa Walenty ungetoa mvuke mweupe juu ya paa, mnyoofu kama nguzo, na nyumba isiyo na jiko haitoi nguzo. Nikamwambia kwamba saa kumi na mbili dohani isiwe na kitu. Saa kumi na mbili Bibi Hankowska hufungua mapazia.

"Saa kumi na mbili ni mapema," alisema. "Makaa haya ni mazito. Hata nikiwasha saa tisa, buluu itacheza mpaka saa moja na zaidi."

"Saa kumi na mbili, Walenty."

Alivua kofia yake ya sufu, akaipiga gotini kana kwamba ina vumbi.

"Haya, Mwalimu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo ndani ya nyumba.

Niliamka saa moja u nusu. Chumba changu kiko juu na nililala mlango umefungwa. Nilipofika katikati ya ngazi, joto lilinigusa uso, joto la zamani la vigae, na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Nataka hilo nalo liandikwe. Walenty alikuwa kwenye kiti cha Seweryn, amelielekea jiko, buti za sufu amezivua na kuzipanga pamoja. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kwenye theluji. Msalaba na mishumaa alikuwa ameshaviweka mezani, amenyoosha kitambaa. Kipimajoto kilisema kumi na tisa na nusu.

Nilimwambia, "Walenty, umeshinda." Nikasogea kumwamsha. Kichwa kikaanza kunigonga, miguu ikawa mizito, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilivunja kioo cha dirisha kwa kinara cha mshumaa, maana kitasa kilinishinda. Gari la wagonjwa lilifika, na zimamoto, na baadaye padri, amebeba mafuta matakatifu ya wanaokufa badala ya chaki. Ludwika alifika saa nne na robo. Sebule ilikuwa imeshakuwa baridi tena.

Ofisa wa zimamoto alifungua mlango wa jiko. Ndani, makaa nusu yalikuwa bado meusi. Akavuta skafu kutoka kwenye tundu la hewa, akaishika kwa vidole viwili. Kisha akafungua daftari na kuniuliza nani aliwasha, na kwa nini kizibo kilifungwa mapema hivyo. Bibi Hankowska alikuwa amesimama kwenye lango letu. Ludwika alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Alikuwa mzee mkaidi," nikasema. "Alizoea moto. Mimi sikujua."

Aliandika hivyo. Kutokana na sentensi ile mji ulipika mengine yote, viatu, chupa na ulevi. Sikuyasahihisha. Kwenye tangazo la msiba lililobandikwa kwenye mlango wa kanisa na nguzo za barabara yetu, niliandika kwamba amefariki Walenty Zawilski, mtumishi mstaafu wa elimu.

Skiba alikuja Februari, bila brashi, amevaa koti la kanisani. Hakutaka chai. Alisema jina lake liko kwenye karatasi ya jiko na ameshahojiwa, na kwamba hilo analibeba. Halikuwa hilo lililomleta.

"Mwalimu, mimi nilijifunza moto kwa Walenty kabla sijajifunza kwa fundi wangu," alisema. "Yule mtu hangefunga kabla buluu haijafa. Hata angekuwa amelewa. Hata angekuwa amelala. Kwa shida yake mwenyewe hangefunga."

Nilinyoosha kitambaa cha meza.

"Nani alimwambia afunge?"

"Mimi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa namba aliyokwisha kuikokotoa. Akauliza king'ora kiko wapi. Nilifungua droo. Alikichukua, akakibonyeza, kikalia kwa sauti kali mpaka nikaziba masikio. Kilikuwa kizima. Akakirudisha juu ya vitambaa, akaaga kwa heshima, akatoka. Nilipomwona akipita langoni, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kifungo cha blauzi.

Wiki ile nilikwenda zimamoto, nikaomba daftari lifunguliwe, nikaeleza upya kwa saini yangu. Nilikwenda halmashauri pia, nikamwambia mkwe wa Bibi Hankowska kwamba kwenye fomu niliandika uongo juu ya kuta. Ruzuku nimeirudisha. Ludwika nilimwambia kwa simu. Alisema ana kazi, akakata. Huja mara chache, na akija hulala hotelini.

Mei wafanyakazi walijenga jukwaa mbele ya nyumba. Walibandika povu kuanzia chini kwenda juu, na siku ya nne mashada ya chokaa yalifunikwa, kisha herufi, mwisho mwaka. Msimamizi wao aliniuliza nataka rangi gani, nikamwambia yoyote. Msimu huu wa baridi Azor hangurumi sana. Sebule ina nyuzi ishirini, na chumba cha Walenty vilevile, ingawa nimefunga vyuma vyake, joto linapita tu lenyewe ukutani.

Jiwe la kaburi liliwekwa mwishoni mwa Oktoba, kabla ya siku ya marehemu. Mchonga mawe alidhani nimekosea akanipigia simu kuhakikisha. Nikamsomea herufi kwa herufi: Walenty Zawilski, mchochea boila.